Sauti Iliyosema Kushoto

Kofia iliujua mto kabla mto haujajijua. Ndivyo watu wa jiji la Ruaha walivyopenda kusema, na hawakuwa wametia chumvi nyingi. Ndani ya ganda lake jembamba mlipachikwa vijicho vilivyopima kila wimbi, na karibu na sikio la mvaaji alikaa mnong'onezi, chombo kidogo kama punje ya maharage, kinachosikiliza mapigo ya moyo na kusema la kufanya. Sauti yake ilikuwa ya upole, sauti ya shangazi anayekufundisha kupika. Kulia kidogo. Kafi chini. Vuta pumzi. Sasa.

Tusekile Mwambene aliisikia akiteremka korongo lililolipasua jiji katikati. Juu yake nyumba za vioo zilining'inia kwenye miamba pande zote mbili, na nyuki-picha, zile kamera ndogo zenye mabawa, walimfuata wakivuma. Kesho kungekuwa na fainali na wapenzi wa mchezo wangejaa kwenye majukwaa yanayoelea. Leo yalikuwa mazoezi tu, lakini Tusekile alikuwa na wasiwasi kuliko siku yoyote ya mashindano. Sauti ile hakuiamini tena tangu jana mchana.

Timu yao iliitwa Fisi Maji. Wote walikuwa watoto wa Rungwe waliojifunzia kayaki kwenye Mto Kiwira, kwa vyombo vilivyozibwa kwa gundi ya mabomba. Kisha kampuni ya Tambuzi ikaja na udhamini wake. Iliwapa kayaki nyepesi kama ungo, daktari, nyumba na kofia, ikaweka masharti mawili: kofia isivuliwe majini, na mtu asimwambie mwenzake alichonong'onezwa. Walielezwa kwamba hiyo ni siri ya biashara. Walicheka, wakasaini. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wazee, na hawa chao kilikaa kichwani kabisa.

Tusekile, kwa kuwa ndiye kapteni, aliwafunza utii. "Sauti ikisema, mkono utende. Akili itakuja baadaye." Aliyarudia maneno hayo mpaka Lwitiko, mcheshi wa timu, akayatungia wimbo.

Msimu uliopita Ambwene alitii. Palikuwa na poromoko moja, baya kuliko yote, ambalo wao wenyewe waliliita Baba Mkwe. Kwao Rungwe mke hapiti mbele ya baba mkwe wake. Humpisha njia, hujificha, hata jina lake halitaji. Na poromoko lile lilitaka adabu hiyo hiyo: upite kulia, umejibana kwenye mwamba, bila kulitazama usoni. Upande wa kushoto maji yalijigeuza na kujirudia, yakazunguka mahali pamoja kama ugali unaosongwa. Walipaita chungu. Ambwene alikwenda kushoto, chungu kikamweka chini muda mrefu, na alipotoka alikuwa hai.

"Iliniambia kushoto," alisema baada ya kupata fahamu.

Madaktari wa kampuni wakasema ubongo uliokosa hewa hujitungia hadithi. Tusekile aliwaamini, na sasa hilo lilimuuma kuliko yote. Siku hizi Ambwene alikuwa hawezi kunawa uso kwenye beseni. Alijifuta kwa kitambaa kibichi, amesimama, macho yameelekea mlangoni.

Jana wakati wa chakula, Kissa, binti mdogo aliyechukua nafasi yake, aliuliza kama mtu anayeuliza habari za mvua. "Dada Tuse, hivi nanyi huwa mnaambiwa mvute pumzi ndefu sana tukimkaribia Baba Mkwe?"

Hakuna aliyeambiwa hivyo. Lwitiko alisema labda mnong'onezi anampenda Kissa. Ambwene aliacha kutafuna.

Ndiyo maana leo, juu kidogo ya Baba Mkwe, Tusekile aliinua kafi lake likalala juu ya kichwa chake. Kwa waendesha kayaki wote hiyo ni ishara ya kusimama. Wenzake walijiegesha kwenye maji yaliyotulia nyuma ya jiwe. Akachomoa chini ya kiti chake bua kavu la mhindi.

"Makubwa," alisema Lwitiko. "Kapteni amerudi Kiwira."

Zamani hawakuteremka poromoko lolote kabla ya kulitupia bua. Bua halina nguvu wala ujanja, kwa hiyo huenda kule ambako mto humpeleka kila asiyebisha. Ukishaona linakokwenda, unajua pa kutokwenda. Kampuni iliikataza desturi hiyo. Kwenye picha ilionekana ya kishamba.

Tusekile alilitupa. Bua lilielea, likasita, likageukia kushoto na kuzama chunguni. Halikuibuka.

"Haya, semeni," alisema. "Sauti zenu zinasemaje hapa? Najua ni marufuku. Mimi naambiwa kulia."

"Kulia," alisema Lwitiko.

Kissa aligusa kofia yake kama anayeona aibu kumchongea mtu. "Kushoto, dada. Na pumzi ndefu."

Walizibeba kayaki zao mabegani, wakapanda ukingoni kwa miguu.

Mhandisi Mgaya, aliyezitengeneza kofia zile, alimpokea Tusekile kwenye karakana yake kando ya mto. Alikuwa mtu mpole, mwenye macho ya kukosa usingizi. Nyuma yake palikuwa na tangi la kioo, na ndani yake mashine ndefu ya kijivu ilijikunja chini. Tusekile aliitambua. Nchi nzima iliijua. Ulikuwa mkono-maji, ile roboti inayookoa watu kwenye mafuriko.

"Kwa nini kofia ya Kissa inamwambia kushoto?" aliuliza Tusekile akiwa bado amesimama.

Mgaya hakukana. Hilo lilimtisha zaidi ya uongo.

"Kaa kwanza, kapteni. Mfa maji haachi kutapatapa. Wahenga walisema hivyo, ila hawakusema anatapatapa vipi. Anamkaba vipi anayemwokoa? Mgongo unapinda lini? Mashine haiwezi kujifunza hayo kwa mdoli, wala kwa mtu anayejifanya, maana moyo wa anayejifanya haudanganyiki. Inahitaji mtu anayezama kweli, halafu apone."

"Ambwene."

"Mkono-maji ulikuwa chini yake muda wote. Kofia ndiyo inayouita. Asingekufa."

"Kama ulikuwa chini yake, mbona alikaa sana?"

Mgaya alitazama mikono yake. "Ulisubiri."

"Ulisubiri nini?"

"Ujifunze."

Tusekile aligeukia mlango. Alitaka kuondoka, lakini Mgaya aliendelea kwa sauti ile ile ya upole, na ndipo alipojua mnong'onezi aliipata wapi.

"Mama yako yuko Kyela. Mafuriko ya mwaka huu yalimchukua na nyumba. Alishikwaje na mkono-maji?"

Alikumbuka. Mama alikuwa amelisimulia hilo kwa kila mgeni. Mashine haikumshika mkono, maana angeuponyoka. Ilimzunguka kwa nyuma, ikapita kwapani, ikamwinua kidevu kama anayembembeleza mtoto.

"Kabla ya Ambwene haikujua kushika hivyo," alisema Mgaya. "Walikuwa wanaponyoka."

"Na Kissa?"

"Ni mwepesi, ana mifupa midogo. Watoto bado wanaponyoka, kapteni. Kila mafuriko."

Tusekile aliitazama mashine tangini. Alimchukia mtu huyu, na alishindwa kuusahau uso wa mama yake ulipotoka majini. Mambo hayo mawili yalikaa kifuani mwake na hakuna lililomwachia mwenziwe nafasi.

"Nitasema hadharani," alisema hatimaye.

"Utasema nini? Mnong'onezi hahifadhi maneno yake. Watakwambia umekosa hewa nawe." Akaongeza haraka, "Lakini nakupa neno langu. Kesho atasikia kulia. Mkono-maji hautakuwepo."

Neno lile lilitoka upesi mno. Jioni Tusekile alimweleza Ambwene yote, mpaka habari ya mama. Ambwene alisikiliza akikunja na kukunjua kitambaa chake. Asubuhi alikuwa wa kwanza mlangoni, na kwapani alibeba mzigo wa mabua.

Majukwaa yalijaa. Mtangazaji alipoita Fisi Maji, nyuki-picha walikimbilia mahali pa kuanzia na hawakukuta mtu. Walimkuta Tusekile juu ya Baba Mkwe, amesimama kwenye mwamba pamoja na Lwitiko na Kissa, vichwa wazi. Ambwene alikuwa nao, umbali wa hatua moja kutoka kwenye maji, kitambaa chake mkononi.

Walikuwa wameyafunga mabua kwa kamba yakawa na unene wa kiwiliwili, na juu yake wakaivika kofia ya Kissa. Ndani ya kofia taa ndogo ilikuwa inawaka bado.

"Acha nitupe mimi," alisema Ambwene. Akatupa.

Mzigo ulielea, ukasita, ukaenda kushoto. Chungu kikaumeza. Jukwaani watu waliokuwa wakipiga makofi walidhani ni mzaha wa wadhamini, na makofi yao yakaendelea kidogo, kisha yakafifia, maana kofia ilionekana ikizunguka chini ya povu, ikipanda na kuzama, na nyuki-picha waliionyesha kwenye kila ukuta wa jiji. Hakuna kilichokuja kuichukua. Mtu mmoja alipaza sauti kuuliza kama mle mna mtoto.

Ndipo maji yakafunguka. Mkono-maji uliinuka taratibu kutoka sakafu ya chungu, mahali ulipokuwa umelala tangu mwanzo. Ulikuwa umeyazunguka mabua kwa nyuma, umepita kwapani pasipo kwapa, na kwa ncha yake moja ulikuwa umeiinua kofia mahali ambapo kidevu kingekuwa. Uliuweka mzigo juu ya jiwe kwa huruma kubwa, na makelele ya jukwaa lote yakakatika.

"Mimi ulinichelewesha zaidi," alisema Ambwene.

Kissa alianza kulia. Tusekile alimshika bega, akamgeukia Ambwene. Alikuwa na maneno mengi ya kuomba msamaha, na yote yalikuwa madogo.

Ambwene aliutazama mkono ule wa kijivu ukirudi majini. "Mama mzima?" aliuliza.

"Mzima. Ameshapanda mpunga."

Aliitikia kwa kichwa. Kisha akachuchumaa ukingoni, akachovya kitambaa chake mtoni, akakikamua na kujifuta uso.

"Wangeniuliza tu, Tuse," alisema. "Kwa mama yako ningekubali."