Baada ya Wimbo wa Saba

Haya yalimpata rafiki yangu, mtunza santuri wa kituo cha redio. Miaka thelathini alihifadhi sauti za watu, lakini ya marehemu mkewe hakuwa nayo hata kikohozi, na ndiyo pekee aliyoitamani.

Siku moja ililetwa santuri mpya, nyimbo bora za kundi ambalo mkewe alilipenda. Kanuni zilimtaka aisikilize yote, kisha ajaze fomu. Akachana nailoni, akaketi gizani. Chumba hakikuwa na dirisha, na ombi la balbu lilikuwa limepata saini mbili kati ya nne.

Wimbo wa saba ukaisha. Sindano ikakwaruza bila muziki. Kisha, kwenye spika, sauti ya mkewe:

“Mzee wangu, umekula?”

“Bado,” akajibu, kabla hajakumbuka kwamba alimzika.

Akapanda ngazi mbio kumwita fundi mitambo.

“Njaa hiyo, kaka!” fundi akacheka. “Haya, tuisikie.”

Wakaurudia wimbo wa saba hadi mwisho. Sindano ikakwaruza. Rafiki yangu akafumba macho, akasubiri. Mkewe hakusema kitu.

Kisha kwenye spika ikatoka sauti ya rafiki yangu mwenyewe, taratibu: “Bado.”