Ubao wa Mzee Arhin

Kila Jumamosi, Ekua akishafua sare na kufagia ua, alikimbilia klabu ya vijana hapa Saltpond, pwani ya Ghana, kupiga ngoma. Alikuwa akitumia mkono wa kushoto. Nyumbani na shuleni mkono huo ulimletea makofi tu, maana kwetu kumpa mtu kitu kwa kushoto ni kumtukana. Kwenye ngoma mikono yote ilikuwa sawa, na Mzee Arhin, mwalimu wao, hakumkemea hata siku moja.

Kisha Mzee Arhin akafa, ngoma zikafungiwa stoo. Shangazi Araba, kiongozi wa klabu, akawakusanya watoto.

"Kaka zenu walipiga ngoma hapa miaka mingi. Leo wamemaliza shule, wanashinda stendi wakipiga soga," alisema. "Kuanzia sasa kila Jumamosi mtakwenda kwa mafundi, mjue kazi gani inawafaa. Na fundi akimkataa mtoto, huyo asirudi klabu."

Ekua alipelekwa kwa Fundi Quansah, mchora mabango, pamoja na jirani yake Kobina. Kobina aliiomba nafasi hiyo wiki mbili nzima. Alikuwa mtundu, akichora kila mahali, hata kwenye ukuta wa choo cha shule.

Mvua ilikuwa ikinyesha. Katikati ya karakana palisimama ubao mweusi wa msiba, wa kutangaza jina la marehemu mbele ya nyumba yake. Ulikuwa wa Mzee Arhin.

"Jina nimeshalichora kwa penseli. Lijazeni rangi nyekundu, polepole," fundi alisema, akatoka kununua rangi nyingine.

Kobina alikwenda nyuma kuosha brashi. Ekua akabaki peke yake. Aliona haya kuandika jina la mzee aliyekufa kwa mkono wa kushoto, akashika brashi kwa wa kulia. Mkono huo haukuzoea. Rangi ikachuruzika, jina likaharibika lote.

Fundi alirudi na mjane wa Mzee Arhin, amevaa nyeusi.

"Nani kafanya hivi?" fundi aliuliza.

"Kobina," Ekua alisema. "Amenisukuma."

"Mimi? Ekua, we muongo! Fundi, nilikuwa nyuma naosha brashi!"

"Mtundu wewe nakujua. Nenda nyumbani, usirudi hapa."

Kobina aliondoka kwenye mvua akilia kwa sauti. Ekua alijiona mchafu.

Mjane alimtazama. "Wewe si yule mpiga ngoma wa kushoto? Mume wangu alikusifu mpaka siku za mwisho."

Hapo Ekua alishindwa kujizuia. "Mama, Kobina hajafanya kitu. Ni mimi. Niliogopa kuandika kwa kushoto."

Fundi alikunja uso. "Kamrudishe."

Ekua alimkuta Kobina kituo cha basi, amelowa chapachapa. Alimwomba msamaha.

"Ungenikosesha kazi na klabu pia, mchawi we," Kobina alisema huku akifuta kamasi. Hakucheka, lakini alirudi.

Fundi alikuwa ameshaufuta ubao na kuchora jina upya. Alimwomba Kobina radhi mbele ya wote, kisha akampa Ekua brashi. "Shika kwa mkono unaoujua."

Ekua alimgeukia mjane, akasema kama tusemavyo sote kwa wakubwa tukitumia kushoto, "Mama, naomba radhi kwa mkono wangu wa kushoto."

"Mkono hauna kosa, mwanangu. Kilichoniuma ni kumsingizia mwenzako mbele ya jina la mume wangu."

Ekua alijaza herufi moja baada ya nyingine, macho yamejaa machozi. Zilinyooka. Kobina alimshikia kopo la rangi, bado amenuna.

"Mmeletwa hapa mjijue," fundi alisema. "Ukinificha mkono wako, nitakufundisha kazi gani? Na ukimtwika mwenzako kosa lako, hata ukiwa hodari kiasi gani, hakuna fundi atakayekuamini na brashi yake. Uoga nitausamehe. Uongo usirudie."

"Sitarudia, Fundi," Ekua alisema.

Rangi ilipokauka, waliubeba ubao pamoja kwenye mvua, wakausimamisha mbele ya nyumba ya msiba.