Aliyeitikia Chini ya Gari

Alasiri ile ya Jumatano, katika ua wa nyumba moja ya Lavington, walikuwapo hawa: Bwana Clifford Ogutu, mwenye nyumba, mtumishi wa serikali aliyestaafu, mkewe, Bi Veronicah Nanjala, ambaye wengi humwita Mama Ivyne kwa jina la binti yao, na Kilonzo Kiema, fundi wa magari, mzaliwa wa Mutomo, mwenye umri wa miaka sitini na mitatu. Hao tu. Kilonzo aliwahesabu baadaye mara nyingi, na kila mara alipata watatu.

Gari lilikuwa Peugeot 504 ya mwaka 1973, rangi ya maziwa. Bwana Ogutu aliliendesha mpaka kiharusi kilipomlegeza mguu wa kushoto. Tangu hapo, miaka minne, alipelekwa huku na huko kama gunia. Klachi haikumkubali tena, ndipo akamwomba Kilonzo atoe giaboksi ya zamani na kuweka ya otomatiki, ili mguu mmoja umtoshe.

"Nataka nijiendeshe mpaka Karen, ninywe chai, na nijirudishe," alisema. "Mtu asinishike mkono."

Giaboksi ilipatikana Kirinyaga Road, kwa muuza vipuri aitwaye Kihara, nayo ilitoka katika gari lililopata ajali. Mafundi wa rika la Kilonzo wana desturi: kifaa kikitoka katika gari lililoua, huuliza jina la marehemu, hulitaja, na humwaga oili ya zamani mchangani kabla ya kukifunga. Safari hii Kilonzo hakuuliza. Mgongo ulimuuma, jua lilikuwa kali, naye alikuwa amechoka. Alikifunga tu.

Kasoro ya kwanza ilikuwa ndogo. Mkono wa gia ulionyesha N, gia huru, kumbe giaboksi yenyewe iko R, gia ya kurudi nyuma. Si jambo la ajabu. Chuma kinachounganisha viwili hivyo kina nati ya kurekebisha urefu wake. Injini ikazimwa. Kilonzo akalala chini ya gari, Mama Ivyne akakaa penye usukani. Kazi hii hufanywa kwa kuitana: wa chini hutaja herufi, wa juu husogeza mkono na kuitikia.

"N!"

"Tayari."

"D!"

"Tayari, fundi. Tukimaliza unipatie cheti ya ufundi."

"Utafunga karakana yangu, Mama Ivyne."

Akafupisha chuma, akakaza nati, akapima. Kilikuwa kirefu kwa upana wa kidole. Akalegeza, akafupisha, akakaza tena. Kirefu vilevile. Alirudia mara nne. Mara ya tano alifungua kinywa aite, na kabla hajatamka herufi akasikia, "Tayari."

Haikutoka juu. Ilitoka karibu na sikio lake la kushoto.

"Mama Ivyne," alinong'ona, "umeweka nini?"

"R. Si umeniambia R?"

"Sijasema kitu."

"Wacha mchezo, fundi. Umesema mara mbili. Ya pili ukasema kama umekasirika."

Hapo ndipo Kilonzo alipoinusa harufu ya oili iliyoungua, na ndani yake harufu ya ubani, ambao haukuwahi kufukizwa katika nyumba ile ya Wakristo, na akalala kimya bila kuthubutu kugeuza shingo, kwa maana kando yake, mahali ambapo palikuwa na saruji tupu, kitu kilikuwa kikivuta pumzi kama anavyovuta yeye, kwa mkoromo uleule wa kifua chake cha mzee, kikingojea avute ili kivute.

Alitoka kwa kutambaa.

"Mzee, hii giaboksi naitoa kesho," alimwambia Bwana Ogutu. "Mpaka nirudi, msiliguse gari."

"Kilonzo, tumebakisha nati moja."

"Najua, mzee."

Bwana Ogutu alitazama mguu wake.

Asubuhi ya Alhamisi Kilonzo alikuwa mjini, mbele ya kibanda cha Kihara.

"Aliyekufa na lile gari anaitwa nani?"

"Unauliza leo, Mzee Kilonzo?" Kihara alishusha sauti. "Si dereva. Ni fundi, alikuwa chini yake. Aliyekuwa juu aliapa kuwa fundi mwenyewe ndiye alimwambia awashe na aweke gia."

Kilonzo alichukua simu, akampigia Bwana Ogutu.

"Mzee, msiwashe gari! Mnanisikia?"

Bwana Ogutu alicheka. Injini ilikuwa ikinguruma nyuma ya sauti yake. "Fundi, unanipigia simu ya nini na uko hapa chini? Imekubali! Mguu mmoja tu!"

"Mzee, mimi niko mjini. Niko na Kihara. Mama Ivyne yuko wapi?"

"Si umemwambia aweke jiwe nyuma ya gurudumu..."

Ndipo Kilonzo alipoisikia ndani ya simu, kwa mbali, sauti iliyochoka ya mzee wa Mutomo, ikisema taratibu, "R, mzee. Achilia breki kidogo. Kidogo tu."

"Tayari," alijibu Bwana Ogutu.

Bi Veronicah Nanjala alifariki Alhamisi hiyo, saa tano na dakika kumi asubuhi, katika ua wa nyumba yake.