Likwata Asiye na Kaburi

Jina la Likwata lilisomwa mara mbili, na hakuna aliyeliitikia.

Pale kijijini Tingi, kila mwezi wa Shabani, msikiti hufanya kisomo cha siku mbili cha kuwarehemu waliotangulia. Kila ukoo hupeleka majina ya watu wake, na jina likisomwa jamaa huitikia, "Mungu amrehemu." Mwaka huu majina yalikusanywa kwa tovuti, ili na walioko Dar watume. Fauzia, msichana wa pale pale, ndiye aliyeitengeneza.

Mwalimu Amiri wa madrasa alikuwa amemwachia achague kanzidata ya kuyahifadhi. Zilikuwa mbili. Moja kali, haipokei marehemu asiye na jina la mzazi wala mahali alipozikwa. Nyingine hupokea chochote. Fauzia aliijua hiyo ya pili tu, akasema amezijaribu zote na hii ndiyo bora. Aliona haya kusema vingine. Kijiji kizima kilishazoea kumwita injinia.

Likwata alimbuni mwenyewe siku ya majaribio: jina tupu, bila mzazi, bila kaburi. Akasahau kulifuta. Jina lilipokosa jamaa wa kuliitikia, watu mia mbili wakamwombea kwa pamoja.

Alasiri ya siku ile ya kwanza ya kisomo, peke yake katika chumba cha madrasa, akalifuta. Ikapita harufu ya kafuri. Jina likarudi, na Rehani, aliyefariki mwaka jana, mtoto wa Bibi Mwanaima, hakuwemo tena kwenye orodha. Akafuta, likarudi, akafuta, na kila liliporudi mtu wa kweli alitoweka, na harufu ikawa nzito kama ya chumba alimooshwa maiti, na nyuma ya kiti chake kitu kikaanza kupumua polepole, kama kinachojifunza, hadi pumzi ile ikalingana na yake na asijue tena ipi ni ipi.

Akakimbilia kwa mwalimu.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, injinia. Mbona mbio?"

Akamweleza kwa kunong'ona. Mwalimu Amiri akafunga mlango.

"Umeacha jina halina mwenyewe, nasi tukaliombea. Kuna kilicholiingia. Kesho tunamalizia kisomo. Simama useme Likwata hayupo, ulimbuni wewe, na kazi uliyodai unaijua hukuijua. Sote tukiikana ile dua, hana pa kukaa."

"Mbele ya Bibi Mwanaima?"

"Hasa yeye. Mwanangu, mimi niliwahi kuanza sura nisiyoijua mbele za watu. Nikakohoa mpaka wakanihurumia."

Fauzia alicheka kidogo. Lakini kulipokucha, haya ikamshinda. Badala ya kwenda kisomoni alijifungia chumbani, akajifunza ile kanzidata kali kwenye simu, akayaingiza majina upya kutoka daftari la msikiti. Likwata hakumwandika. Rehani akarudi, wote wakarudi. Akashusha pumzi.

Kisha, chini kabisa, mstari mmoja ukajiandika wenyewe, nayo kanzidata ikaupokea, kwa kuwa haukupungukiwa na kitu. Likwata. Mzazi: Fauzia. Amezikwa: nyuma ya jiko la mama yake.

"Fauzia," mama yake, Kibibi, aliita kutoka uani, kwa sauti ya chini. "Nani kazikwa hapa?"

Fauzia akatoka. Nyuma ya jiko udongo ulikuwa mbichi, umeinuka, umeelekezwa kibla, na urefu wake haukuzidi mkono mmoja. Wanawake waliotoka kisomoni walikwishaanza kuingia uani, kanga kichwani, wakimtazama msichana ambaye hajaolewa. Bibi Mwanaima akatangulia kumshika mkono.

"Pole, mjukuu wangu," alisema taratibu. "Mtoto mchanga, na ukatuficha?"

Angeweza kusema kweli pale pale. Maneno yalikuwa machache tu. Fauzia aliinamisha uso.

"Asante, bibi," akajibu.