Redio na Maneno ya Uhakika

Kijiko kiligonga kikombe gizani, ting, ting, kikanyamaza. Mama alikuwa akikoroga chai kabla hakujapambazuka. Upande wa pili wa pazia binti yake alikuwa ameshaamka, anajisemea Kiingereza chini ya shuka.

"I am certain. I am absolutely certain."

"Redio imeshawashwa," mama alisema. "Inuka unawe uso, mwanangu, betri zisije zikaisha."

Redio ndilo jina alilopewa darasani kwa kuwa hanyamazi. Wiki hiyo mwalimu wa Kiingereza alikuwa akiwafundisha maneno ya uhakika, yale anayoyasema mtu asiye na shaka hata chembe: certain, definitely, perfectly clear. Maneno ya labda na huenda yangekuja wiki iliyofuata. Redio aliyapenda haya ya kwanza. Yalimjaa mdomoni, akajiona mtu mzima.

Siku hiyohiyo spika ndogo ya darasa ilitoweka kabatini. Kwa kuwa Redio alikuwa na zamu ya kufuta ubao, mwalimu mkuu alimwita ofisini, akamuuliza nani aliingia darasani asubuhi. Redio alikuwa amemwona Mama Mapacha, mfanya usafi wa shule na jirani yao wa mlango wa pili, akitoka na ndoo iliyofunikwa kwa tambara. Basi. Hakuona zaidi ya hapo.

"Na spika ilikuwa ndani ya ndoo?" mwalimu mkuu aliuliza kwa Kiingereza. "Una hakika?"

Mwalimu wa Kiingereza alikuwa amesimama pembeni, anangoja jibu. Redio akavuta pumzi.

"I am absolutely certain. It is perfectly clear."

"Kiingereza kimenyooka hicho," mwalimu wake alisema, akatabasamu.

Kabla ya kengele ya mchana, Mama Mapacha alikuwa amesimamishwa kazi.

Jioni Redio alimkuta ameketi kizingitini, koti la kazi limekunjwa mapajani. Pacha wake wawili walikuwa wakimvuta mikono, wanataka kujua kama kesho atawaletea tena vipande vya chaki.

"Njoo, Redio," Mama Mapacha alimwita. "Habari zote za shule unazo wewe. Hebu niambie, mwanangu, nani amenisingizia?"

"Sijui, mama," Redio alijibu.

"Haya. Ukisikia, uniambie. Sina ugomvi naye. Nataka kujua tu nilimkosea nini."

Tangu hapo chakula hakikumpita Redio kooni. Darasani alikaa kimya, macho kwenye dawati.

"Redio imezimika," mmoja alisema.

"Si ipelekwe kwa fundi," mwingine akadakia, darasa likacheka. Redio akainamia daftari. Kila alipofumba macho aliliona lile koti, na akilini alijiambia kwamba hakuna namna ya kulirudisha mabegani pa mwenyewe.

Mama yake alikuwa fundi cherehani. Alikuwa akishona mkono wa gauni alipoona chozi la binti yake limedondokea kitambaa cha mteja.

"Jana hukula, leo hukula. Unaumwa wapi?"

Redio akasema yote. Cherehani ikasimama.

"Atanichukia, mama."

"Huenda," mama alijibu. Hakutaka kumdanganya. Akamvuta karibu, akamfuta uso kwa upindo wa kanga. "Ulipokuwa hujui, ulisema una hakika. Ulipojua, ukasema hujui. Kiingereza hakina kosa, mwanangu, kisome sana. Lakini neno kubwa usilivalishe jambo ambalo hukuliona. Ulichokiona, sema umekiona. Usichokiona, sema hukukiona, hata wakubwa wakikukodolea macho. Mkate wa watu unaweza kuwa umekalia ulimi wako."

"Naogopa."

"Najua. Tutakwenda wote."

Asubuhi walimkuta mwalimu mkuu ofisini. Mama Mapacha alikuwepo, ameitwa kurudisha funguo za stoo. Zilikuwa mezani tayari. Mwalimu wa Kiingereza alikuwa dirishani.

"Spika haijaonekana," mwalimu mkuu alisema, "na shahidi niliye naye ni binti huyu peke yake. Neno lake likisimama, huyu mama hana kazi tena. Likianguka, anachukua funguo zake sasa hivi."

Mama Mapacha aligeuka polepole, akamtazama Redio kama mtu aliyeguswa kidonda.

Redio alitamani ardhi ipasuke immeze. Alitafuta yale maneno yake mazuri, hakulipata hata moja.

"Sema kwa lugha yoyote," mwalimu wa Kiingereza alimwambia, sauti imemshuka.

Mama akamshika bega. Redio akamtazama Mama Mapacha usoni, akasema kwa sauti:

"Sikuona spika ndani ya ndoo."