Taa ya Mlango wa Kushoto

Jua lilikuwa linazama Fyuzi alipoingia kwenye gari la mjane mmoja ili akalijaribu barabarani. Alikuwa fundi umeme wa magari, na jina hilo alipewa na wateja, akalizoea hadi la kuzaliwa likawa geni masikioni mwake. Gari lilikuwa kuukuu na lilikuwa na magonjwa mawili. Kruzi, kile kidude cha kushikilia mwendo dereva akiinua mguu, ilikuwa ikijiwasha yenyewe. Na taa ya dashibodi ya kuonya kwamba mlango wa kushoto uko wazi haikuzimika hata mlango ukibamizwa.

"Umeme hauna shetani, mama," alikuwa amemwambia mjane. "Una waya uliochubuka tu."

Mjane alikitazama kiti cha kushoto. "Haya, fundi," akasema, akaenda zake.

Mchana kutwa Fyuzi alishinda chini ya dashibodi. Waya wa mlango, mzima. Swichi ya pedali ya breki, ile inayoikata kruzi, nayo nzima. Mwishowe akachomoa fyuzi ya kruzi na kuitia mfukoni mwa shati. Bila fyuzi, kruzi ni pambo.

Sasa akawasha gari. Taa ya mlango ikawaka, nyekundu. Hapo akasema maneno aliyoyasema katika kila jaribio. Mkewe, enzi za uhai wake, alipenda kumsindikiza. Alikuwa kaburini mwaka wa tatu, ila ulimi wa Fyuzi ulikuwa haujakubali.

"Funga mlango, mke wangu, tuondoke."

Taa ikazimika.

Fyuzi akacheka peke yake. Kumbe nyaya zilikuwa hazijagusana vizuri! Akatoka nje ya mji, akaongeza mwendo, kisha akainua mguu.

Gari halikupunguza.

Akakanyaga breki. Pedali ikazama hadi chini, gari likaenda vilevile. Akapapasa mfuko... fyuzi ilikuwemo. Akachomoa ufunguo. Injini ikaendelea kunguruma.

Harufu ya udongo mbichi ikajaa, na madirisha yote yamefungwa.

Kisha kushoto kwake mtu akakohoa.

Kilikuwa kikohozi kizito, cha mwanamume. Fyuzi hakuthubutu kugeuza shingo.

"Nipeleke nyumbani," sauti ikanong'ona.

Usukani pekee ndio uliomtii, na mwenye hofu hukimbilia kwake. Akakata kona kuelekea nyumbani. Mbele ya mlango wake gari likazima lenyewe. Taa nyekundu ikawaka... ikazimika. Mlango wa kushoto ulikuwa umefunguliwa na kufungwa taratibu, kama afanyavyo mgeni mwenye adabu.

Fyuzi alitimua mbio, akalala karakana. Alfajiri alilifuata gari, likaja kwa upole, halina ugonjwa wowote.

"Taa je?" mjane aliuliza alipolifuata.

"Imezimika."

Mjane akaangua kilio, kilio cha mtu aliyetuliwa mzigo.

"Mume wangu kifua kilimzidi," alisema. "Nikawa namkimbiza hospitali. Akaniomba nimrudishe nyumbani akafie kitandani. Sikumsikiliza, akafia hapo kitini. Tangu siku hiyo kila nikifika kwangu taa inabaki ikiwaka. Hakunisamehe, alikataa kushuka kwangu." Akapangusa macho. "Sasa ameshukia wapi, fundi?"

Fyuzi aliinama, akajifanya anatafuta bisibisi.

Jioni alirudi kwake, maana hakuwa na kwingine. Aliikuta nyumba kama alivyoiacha, kiti kimoja mezani, kikombe kimoja. Akajipa moyo. Akavua viatu mlangoni, na mazoea yana taabu, mdomo ukamponyoka:

"Mke wangu, nimerudi."

Chumbani mtu akakohoa.

Bado anaishi humo. Kikohozi amekizoea, tena anasema kuna usiku humpa usingizi. Linalomuuma ni kwamba hamsemeshi mkewe tena. Anaingia kimya na kula kimya, maana anajua atakayeitika si yeye.