Salamu Iliyomnyamazisha Shangazi

Kila asubuhi Phocas alipangusa magamba ya sambaza kwenye kibodi ya kompyuta. Ofisi ya ushirika wa wavuvi ilikuwa karibu na maji, hapo Gisenyi, na samaki wale wadogo walifika kila mahali. Kisha alifungua barua pepe. Hoteli ziliulizia samaki. Zote zilitaka jibu upesi. Phocas aliandika kwa vidole viwili, akijisemea maneno kwa sauti.

Jirani yake Ritah alipokea wageni katika hoteli moja ya ufukweni. Alikuwa amekulia Uganda. Siku moja alikuja kuagiza samaki, akamkuta Phocas akiufukuza mshale wa kipanya huku na huku.

"Muzee, unachunga mbuzi?" Ritah alicheka. "Mshale unakukimbia."

"We cheka tu. Niko na barua mingi, na mikono ni mbili."

"Kuna njia za mkato. Herufi moja inakufanyia kazi. Bonyeza c, unaanza barua mpya. Bonyeza r, unajibu. Lakini ni lazima uziwashe kwanza kwenye mipangilio."

"Bon, niwashie."

Ritah akafungua mipangilio, akawasha njia za mkato, akahifadhi. "Sasa nisikilize. Hizi herufi ni amri. Kabla ya kuandika neno lolote..."

"Nimeelewa, binti yangu. C na r. Enda, samaki zako zitaoza."

Ritah akaenda zake.

Mwezi ule binti wa Phocas, Gwiza, alikuwa anaolewa. Harusi ilipangwa Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Halafu mtu akakumbuka kwamba Jumamosi ya mwisho ni umuganda, kazi ya pamoja ya kila mwezi. Asubuhi nzima watu wote wangekuwa na majembe barabarani. Basi wazee wakaitanguliza harusi kwa juma moja.

Wageni wote walipewa habari. Alibaki mmoja, Xavérine, dada yake Phocas. Yeye alikuwa mbali, upande wa Kindu, Congo, akifanya kazi parokiani. Simu ilishika kwa shida huko, kwa hiyo aliandika kwa kompyuta ya mapadri. Ni yeye aliyemlea Gwiza Goma, miaka ile mama yake alipokuwa mgonjwa. Siku ya kumtoa Gwiza nyumbani, shangazi huyo ndiye angemvika kitenge mabegani. Na habari ya siku hiyo ilitakiwa imfikie kutoka kwa kaka yake, si kwa mwingine.

Barua ya Xavérine ikaja. Phocas aliifungua, akaisoma mstari wa kwanza: dada yake aliuliza kuhusu siku. Akafurahi. Papo hapo akaanza kumsalimu kama kawaida: *mwaramutse*. Akaendelea hadi siku mpya ya harusi, akiangalia vidole, si kioo. Alipoinua macho, barua haikuwepo.

"Eh, imeisha enda," akasema. "Hii njia ya mukato ni muzuri."

Nyumbani mke wake, Mukandayisenga, alimuuliza, "Umemujibu dada yako?"

"Nimemujibu."

Siku ya harusi walimngoja Xavérine mpaka jua likaanza kuinama. Simu yake haikuita. "Barabara ya Congo," Phocas alisema. "Unaijua." Mwishowe mwanamke mmoja wa jirani akasimama mahali pa shangazi, akamvika Gwiza kitenge cha kuazima. Gwiza alitazama mlangoni muda wote.

Juma lililofuata, umuganda ulipomalizika, pikipiki ya abiria ilisimama mbele ya nyumba. Xavérine akashuka na begi lake. Amevaa nguo ya sherehe. Mukandayisenga alikuwa akisugua sufuria kubwa za watu ili azirudishe.

"Wifi," Xavérine akauliza, "hema iko wapi?"

Mukandayisenga akasimama na majivu mikononi.

Phocas akatoka ndani. "Dada! Mi nilikuandikia kwamba siku imebadilika!"

"Hukuniandikia kitu. Enda uulize kompyuta yako."

Wakaenda ofisini, wakamwita Ritah. Ritah akabonyeza alama ya mkwaju, /, na mshale ukaruka hadi kwenye kisanduku cha kutafuta. Akaandika *from:xaverine*. "Hii inaleta kila barua iliyotoka kwa mtu huyo," alisema, "hata iliyofichwa."

Ile barua ikatokea. Mwisho wake ulisema: *Kama siku haijabadilika, usisumbuke kujibu. Nitakuja.*

"Nionyeshe ulivyojibu," Ritah akasema.

Phocas akaifungua barua, akabonyeza m ya mwaramutse. Barua ikatoweka. Ritah akamshika mkono kabla ya herufi ya pili, akabonyeza z. Barua ikarudi.

"Z inafuta kosa, ukiwahi," alisema taratibu. "Muzee, hukufungua nafasi ya kujibu. Bila nafasi hiyo, herufi si neno, ni amri. Na m ni amri ya kunyamazisha barua na kuiondoa mbele yako. Ndicho nilichotaka kukuambia siku ile. Ningekaa, hata ukinifukuza."

"Donc, nilimusalimu," Phocas akasema, "na salamu ikamunyamazisha."

Xavérine hakucheka. Alifungua begi, akatoa kitenge kipya, cha rangi ya machungwa. Akakitazama, akakirudisha.

"Gwiza iko kwa bwana yake?"

"Ndiyo."

"Nitamusalimia huko. Hii sitamupa. Nilikuwa nimuvike mbele ya watu."

Siku hizi Phocas haachi njia za mkato. Zinamsaidia, na hoteli hupata majibu kabla chai haijapoa. Lakini hutangulia kubonyeza r. Kisha huinua macho. Akiona kile kijiti kidogo kinapepesa kwenye nafasi nyeupe, ndipo husalimu. Kabla ya kutuma husoma barua ya mwenzake mpaka mwisho.

Gwiza alipojifungua, Xavérine aliandika kuuliza siku ya ubatizo. Phocas alibonyeza r. Akatazama kijiti. Akaandika: *Mwaramutse dada. Ni Jumapili ya Pasaka. Nitakungoja mpakani mimi mwenyewe.* Baada ya kutuma, alifungua barua zilizotumwa, akaiona imo.

Jibu likaja siku ileile: *Nitakuja. Kile kitenge nimekikata, nimeshona cha kubebea mutoto.*

Phocas akamsomea mke wake.

"Ni vizuri," Mukandayisenga akasema.

"Ni vizuri," Phocas akajibu. "Lakini kilikuwa cha harusi."